Somo la 9: Kutumwa Wakati wa Maafa

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Matendo 11:27–30, Marko 6:35–44, Matendo 6:1–6, 2 Wakorintho 8:16–21, 1 Samweli 2:12–17, 22, Luka 13:10–17, Luka 17:11–19.

Fungu la Kukariri: 2 Wakorintho 8:21. (Kila mshiriki alisome katika Biblia yake mwenyewe, pamoja na aya ya 20 inayolitangulia.)

Nyumba inapobebwa na mafuriko au kuangushwa na tetemeko, anayefika kwanza ni jirani. Huja na jembe, kamba na mikono yake. Hakuna anayemwuliza jina wala dini, naye hahitaji kibali cha mtu. Saa hizo za kwanza ni za majirani, na watu wengi wanaotolewa hai kwenye vifusi hutolewa na wao.

Siku ya pili mambo hubadilika. Watu hufika kutoka mbali, magari ya nguo huegeshwa kando ya barabara, na viongozi, wapiga picha na makanisa yenye mabango hujaa mahali pale. Miongoni mwao huwa wapo Waadventista wenye nia njema kabisa. Wengine wametumwa na ADRA, wengine wamejiandikisha na Msalaba Mwekundu, na wengine hawakutumwa na mtu yeyote.

Juma hili darasa litajifunza habari za mtu anayejitolea chini ya shirika la misaada. Mfano wa Msamaria mwema unajulikana kwa wote, lakini nusu yake ya pili husomwa haraka mno. Msamaria hakumwuguza yule mtu mpaka mwisho. Alimpeleka nyumba ya wageni, akamkabidhi kwa mwenye nyumba, akaacha dinari mbili, akaahidi kulipa kitakachozidi, akaenda zake (Luka 10:34, 35). Alijua mahali ambapo kazi yake iliishia na kazi ya mtu mwingine ilipoanzia. Wanaojitolea huona shida kujifunza jambo hilo, na matatizo mengi ya juma hili yanatoka hapo.

JUMAPILI
Antiokia Haikungoja

Soma Matendo 11:27–30. Waamini wa Antiokia waliamua kutoa msaada lini: njaa ilipokwisha kufika, au kabla? Ni nani aliyepeleka msaada huo, na ulipokelewa na nani?

Agabo alitangaza kwamba njaa kubwa inakuja. Luka anaongeza kwamba ilitokea kweli katika siku za Klaudio. Katika aya zinazofuata hakuna habari ya watu kukimbilia Uyahudi kila mtu na kapu lake. Kuna uamuzi wa kanisa: kila mmoja kutoa kwa kadiri alivyo nacho. Kuna wajumbe wawili wanaojulikana, Barnaba na Sauli. Kuna wapokeaji walioko kule kule kwenye shida, nao ni wazee wa kanisa, watu wanaojua ni mjane yupi hana unga. Hizi ni aya nne tu, na ndani yake mna karibu kila kitu ambacho shirika la misaada la leo hukihitaji: onyo la mapema, mchango, wabebaji waaminifu na wenyeji wanaogawa.

Jina la Barnaba halikuchaguliwa ovyo. Yeye ndiye aliyeuza shamba na kuweka fedha miguuni pa mitume (Matendo 4:36, 37). Mtu aliyekwisha kuachilia mali yake aliaminiwa kubeba mali ya wengine.

Kanisa la Waadventista Wasabato lilianza kazi hii mapema. Mwaka 1874, huko Battle Creek, Michigan, wanawake wa kanisa waliunda chama cha kuwashonea nguo wahitaji na kuwatunza. Kutoka hapo likaja jina ambalo kila kanisa la Afrika Mashariki linalijua, Dorkasi. Mwaka 1956 Kanisa liliunda chombo cha kupeleka misaada ulimwenguni, na mwaka 1984 chombo hicho kikachukua jina la ADRA. Tofauti kati ya Dorkasi wa kanisa la mahali na ADRA si ya heshima bali ya kazi. Dorkasi anaijua nyumba ya mjane. ADRA inajua namna ya kupata maturubai elfu tano na lori la kuyafikisha. Palipo na maafa makubwa, mmoja bila mwenzake hafiki mbali.

Nje ya Kanisa nako kuna historia inayofaa kujulikana darasani. Mwezi Juni 1859, mfanyabiashara wa Geneva aitwaye Henri Dunant alifika karibu na Solferino, kaskazini mwa Italia, mara tu baada ya vita kubwa. Hakuwa tabibu. Katika mji wa Castiglione aliwakuta majeruhi kwa maelfu wamelazwa kanisani na barabarani. Alikusanya wanawake wa mji, wakawapa maji na kuwafunga vidonda askari wa pande zote mbili bila kuuliza walipigania nani. Hata hivyo, katika kitabu alichotoa mwaka 1862 hakuishia kusifu huruma hiyo. Alipendekeza kila nchi iwe na vyama vya watu wa kujitolea walioandaliwa wakati wa amani, kabla vita havijatokea. Mwaka uliofuata Msalaba Mwekundu ulianza. Chama cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1962, na cha Kenya mwaka 1965.

Dunant alikuwa amegundua kwa uchungu kile ambacho Antiokia ilikifanya kwa kuonywa na nabii: anayengoja mpaka siku ya maafa ndipo ajiandae amekwisha chelewa.

Je, katika kanisa lenu kuna orodha ya washiriki wenye ujuzi wa huduma ya kwanza, uuguzi, useremala au udereva wa magari makubwa? Ikiwa haipo, nani angeweza kuiandika kabla ya Sabato ijayo?

JUMATATU
Waketini kwa Safu

Soma Marko 6:35–44. Kabla ya kuumega mkate, Yesu aliagiza nini kifanyike? Kwa nini jambo hilo lilikuja kwanza?

Wanafunzi walikuwa na mikate mitano, samaki wawili na umati wenye njaa. Mtu yeyote aliyewahi kugawa chakula mbele ya watu wenye njaa anajua kinachoweza kutokea. Wenye nguvu hufika mbele. Mama mwenye mtoto mgongoni, mzee na kipofu husukumwa nyuma. Bwana aliagiza watu waketi, nao wakaketi kwa safu, mia mia na hamsini hamsini. Mtu aliyeketi hawezi kumkanyaga mwenzake. Watu waliopangwa hivyo huhesabika pia, na ndiyo sababu Injili inaweza kutaja idadi ya wanaume waliokula. Mwisho vilikusanywa vipande vilivyobaki, vikapu kumi na viwili. Muujiza ulipitia katika mpango.

Mashirika ya misaada yana vipimo vyao vya kazi. Mwongozo wa Sphere, unaotumiwa na mashirika mengi duniani, unaweka kima cha chini cha maji kuwa lita 15 kwa kila mtu kwa siku, watu wasiozidi 250 kwa bomba moja, na choo kimoja kwa watu 20. Mgeni anaweza kuona kwamba namba hizo ni za kiofisi mno. Lakini nyuma ya kila namba kuna kipindupindu kilichowahi kuua kambini, au msichana aliyeogopa kwenda choo cha mbali usiku. Kijana aliyetumwa kuhesabu ndoo kuanzia asubuhi hadi jioni anafanya kazi ileile ya wanafunzi waliopita kati ya safu.

Kazi ya namna hiyo haina sifa, na hapo wengi hujaribiwa. Mtu ameacha kazi yake, amelipa nauli, anataka kuwa kwenye vifusi akiokoa watu. Anaambiwa akae kwenye ghala akafungue mizigo na kuandika idadi ya blanketi. Wengine hukasirika wakarudi nyumbani. Wengine hutoroka ghala na kuingia eneo la hatari bila viatu vinavyofaa wala mtu anayejua walipo, na kesho yake waokoaji wanalazimika kuwatafuta wao.

Katika maporomoko ya Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang yalishuka juu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani, mkoani Manyara. Zaidi ya watu 80 walikufa. Tope la namna ile huganda juu likabaki laini chini, huficha mabati na vioo vilivyovunjika, na hubeba uchafu wa vyoo vilivyobomoka. Ndiyo maana askari na waokoaji wenye mafunzo hutangulia, na anayejitolea huambiwa asubiri. Kumwambia asubiri si kumdharau.

Mali zinazotumwa nazo zina somo lake. Baada ya tsunami ya Desemba 26, 2004, mkoa wa Aceh nchini Indonesia ulipokea maelfu ya tani za dawa. Nyingi hazikuwa zimeombwa. Nyingine zilikuwa zimeandikwa kwa lugha ambazo wahudumu wa pale hawakuzisoma, na nyingine zilikuwa zimepitwa na muda. Ilibidi watu waliokuwa na kazi ya kutunza wagonjwa waache kazi hiyo na kuhangaika na namna ya kuziteketeza. Nguo kuukuu hufanya vivyo hivyo kila mahali. Mwanamke aliyepoteza kila kitu hahitaji gauni la sherehe lililokatika zipu. Anahitaji khanga safi, sufuria, sabuni na taulo za hedhi, na mara nyingi fedha kidogo ili anunue sokoni kwa jirani yake, ambaye naye anahitaji kuuza.

Soma Yakobo 2:15, 16. Yakobo anasema juu ya kuwapa watu mahitaji ya mwili. Mtoaji atajuaje hayo mahitaji ni yapi kabla ya kufunga mzigo?

JUMANNE
Karatasi ya Kutia Sahihi

Soma Matendo 6:1–6 na 2 Wakorintho 8:16–21. Mitume walijibuje malalamiko ya wajane? Paulo alichukua hatua gani ili asilaumiwe kuhusu fedha?

Anayejiandikisha na shirika la misaada hupewa karatasi ya kutia sahihi. Ndani yake ameahidi kutochukua wala kuuza kilichotolewa kwa waathirika, kutopendelea mtu, kutokuwa na uhusiano wa kimapenzi na anayesaidiwa, kutompiga picha mtoto bila ruhusa, na kutoa taarifa akiona mwenzake akivunja mambo hayo. Waumini wengine huumia moyoni wanapoisoma. Huona kana kwamba wameshukiwa, hali wao wamekuja kwa upendo wa Kristo.

Paulo hakuumia. Alikuwa mtume, aliyemwona Bwana njiani, na bado hakukubali kubeba changizo la makanisa peke yake. Ndugu mmoja alichaguliwa na makanisa yenyewe kusafiri naye, na mwingine aliyejaribiwa mara nyingi akaongezwa. Sababu yake iko wazi katika fungu la kukariri: aliangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Wapo washiriki wanaosema, “Mungu anaujua moyo wangu,” wakidhani neno hilo linatosha kufunga hesabu. Kwa Paulo halikutosha.

Kanisa la Yerusalemu lilikuwa katika hali ngumu zaidi. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Huenda hakuna aliyekusudia ubaya. Wagawaji walijua zaidi watu wa lugha yao, basi. Mitume hawakuwakemea walalamikaji kwa kukosa imani. Watu saba wakachaguliwa, na majina yao yote saba ni ya Kiyunani. Huduma iliwekwa mikononi mwa watu ambao upande uliosahauliwa ungewaamini. Kamati ya ugawaji yenye watu wa ukoo mmoja, au wa kanisa moja, ingefaa kuisoma orodha ile ya aya ya 5 kwa sauti.

Soma 1 Samweli 2:12–17 na 22. Wana wa Eli walifanya maovu gani mawili?

Waliichukua nyama ya sadaka kwa nguvu, nao walilala na wanawake waliotumika penye mlango wa hema. Mali na mwili. Mwaka 2002 uchunguzi katika kambi za wakimbizi za Liberia, Guinea na Sierra Leone ulionyesha kwamba baadhi ya watumishi wa misaada waliwadai wasichana miili yao ili wawape chakula. Dhambi ya Shilo ilikuwa imevaa kizibao chenye nembo. Eli aliwaonya wanawe kwa maneno, akawaacha waendelee na kazi. Anayeona jambo la namna hiyo na kulinyamazia ili kulinda jina la kanisa au la shirika ameingia katika njia ya Eli, hata kama yeye mwenyewe mikono yake ni safi.

Hapa huulizwa swali gumu. Wagalatia 6:10 inaagiza kuwatendea watu wote mema, na hasa jamaa ya waaminio. Je, Mwadventista anayegawa mabati ya shirika anaweza kuanza na waumini wenzake? Jibu linategemea mali ni ya nani. Changizo la Paulo lilitolewa na makanisa kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, na watoaji walijua hivyo (Warumi 15:26). Kanisa likichanga leo kwa ajili ya washiriki wake walioathirika, hakuna udanganyifu. Lakini bati lililotolewa kwa jina la waathirika wote ni la waathirika wote. Kulipeleka kwanza kwa mzee wa kanisa kwa kuwa ni ndugu katika imani ni kuchukua cha mtu mwingine, hata likipelekwa kwa maombi.

JUMATANO
Tetemeko la Sabato Alasiri

Soma Mathayo 12:9–13; Luka 13:10–17; 14:1–6. Yesu alitumia mifano gani kuhusu wanyama? Mkuu wa sinagogi alipendekeza nini?

Jumamosi, Septemba 10, 2016, saa tisa na nusu alasiri hivi, tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 lilipiga mkoa wa Kagera, nalo likasikika mpaka Uganda, Rwanda na Burundi. Watu zaidi ya kumi walikufa, mamia wakajeruhiwa, na maelfu ya nyumba yakaanguka au kupasuka. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Kwa Waadventista wa Bukoba na vijijini ilikuwa bado Sabato, na jua lilikuwa na zaidi ya saa tatu kabla ya kuzama.

Kuhusu saa hizo tatu hakuna mjadala. Kondoo akiingia shimoni siku ya sabato hushikwa na kuinuliwa, na mtu ana thamani kuliko kondoo. Anayechimba kifusi kwa mikono yake wakati huo anaitunza Sabato. Atakayeimba ndani ya kanisa lisilopasuka huku jirani anaita chini ya ukuta, huyo ndiye anayevunja amri.

Ugumu huja Sabato ya tatu au ya nne. Majeruhi wako hospitalini, wafu wamezikwa, na shirika limeweka zamu. Mwadventista aliyejitolea anakuta jina lake kwenye zamu ya Jumamosi: kuhesabu mabati ghalani na kujaza fomu. Hakuna atakayekufa kwa bati kuhesabiwa Jumapili. Wengine husema kila kitu kinachoitwa msaada ni halali Sabato, na kwa njia hiyo siku ya Bwana huliwa kidogo kidogo mpaka isibaki. Wengine husema kinachoweza kungoja na kingoje.

Kanuni hiyo ya pili inavutia, lakini isomwe kando ya Luka 13. Ndiyo hoja ya mkuu wa sinagogi hasa! Zipo siku sita, mje mponywe siku hizo. Yule mwanamke alikuwa amepindana kwa miaka kumi na minane. Siku moja zaidi isingemwua. Yesu hakungoja. Kwa hiyo kipimo cha Bwana si hatari ya kifo peke yake. Mtu aliyefungwa afunguliwe, na Sabato inafaa sana kwa kazi hiyo, kama vile ng’ombe hufunguliwa zizini akanyweshwe maji. Kumpikia uji mama aliyejifungua chini ya turubai, kuketi na aliyezika watoto, kubadilisha bandeji, kuchota maji ya siku hiyo: hayo yote yanamgusa mtu aliyefungwa. Karatasi za ghala hazimgusi.

Kwa vitendo jambo hili huhitaji kusemwa mapema na kwa upole. Anayejiandikisha na amweleze msimamizi siku ya kwanza kwamba anaomba kutopangiwa kazi za ofisi na ghala Jumamosi, na kwamba yuko tayari kwa dharura yoyote siku hiyo. Kisha ajitolee kuchukua zamu za Jumapili, usiku wa Krismasi na Iddi, wakati wenzake wanapotamani kuwa nyumbani. Msimamizi aliyepata mtu wa zamu ya Krismasi kwa kawaida hatamsumbua kuhusu Jumamosi. Lakini anayedai haki yake ya Sabato na Jumapili naye akataka kupumzika, amewaachia wenzake mzigo na amelichafua jina la siku anayoitetea.

Jadilianeni: Mshiriki ni dereva wa lori la maji safi kwenye kambi, na hakuna dereva mwingine. Afanye nini Sabato? Je, jibu lingebadilika kama lori lingekuwa limebeba saruji?

ALHAMISI
Blanketi Bila Sharti

Soma Luka 17:11–19. Wenye ukoma wangapi waliponywa? Wale ambao hawakurudi walipatwa na nini?

Hawakupatwa na kitu. Yesu aliuliza walipo, kwa huzuni, lakini ukoma haukuwarudia. Walikwenda nyumbani na ngozi safi, na uponyaji wao ukabaki kuwa wao. Vivyo hivyo aliwalisha watu ambao baadaye aliwaambia wazi kwamba walimtafuta kwa sababu ya mikate (Yohana 6:26).

Mwaka 1994 Msalaba Mwekundu na mashirika mengine makubwa, yakiwamo ya kikristo, yalikubaliana juu ya kanuni za maadili wakati wa maafa. Moja yake inakataza kutumia msaada kuendeleza msimamo wa kisiasa au wa kidini. Anayetoa blanketi haruhusiwi kuweka kijizuu ndani yake, wala kutangaza kwamba chakula kitagawiwa baada ya mahubiri. Washiriki wenye bidii ya uinjilisti huona kanuni hii kuwa kizibo mdomoni. Huuliza: je, tunyamaze kuhusu ujumbe wa malaika watatu mbele ya watu walioona mwisho wa dunia yao kwa macho?

Swali ni la haki. Lakini fikirini hali ya mtu anayepokea. Amepoteza nyumba, mtoto wake ana baridi, na anayemletea blanketi ndiye anayemwomba asali sala asiyoiamini. Atasali. Angesali chochote. Je, Mungu anayetaka kuabudiwa katika roho na kweli (Yohana 4:24) amepata mwabudu hapo, au ni jina tu limeongezwa kwenye taarifa ya robo? Tena mtu huyo, akishapata nyumba, atakumbuka kwamba Waadventista walimnunua siku aliyokuwa dhaifu. Katika vijiji vyenye Waislamu wengi kumbukumbu ya namna hiyo hudumu kwa miaka mingi.

Katika kitabu chake kuhusu huduma ya uponyaji, kilichotoka mwaka 1905, Ellen White alieleza njia ya Kristo ya kuwafikia watu, na wasomaji wengi wa lesoni hii wanaikumbuka. Zingatieni utaratibu wake: kuchangamana na watu, kuwahurumia, kuwahudumia mahitaji yao, kupata imani yao, na mwisho mwaliko wa kumfuata. Mara nyingi aya hiyo hunukuliwa ili kufikia haraka hatua ya mwisho. Mtu aliyevaa kizibao cha shirika yuko katika hatua ya tatu. Akiulizwa kwa nini amekuja, na ajibu kwa ukweli na kwa kifupi, kama 1 Petro 3:15 inavyoagiza. Kanuni haikatazi kumjibu anayeuliza. Kanisa la mahali litabaki pale lori la mwisho likiondoka, na lina miaka ya kuwa jirani.

Kuna pia huduma ya kinywa kilichofungwa. Rafiki za Ayubu waliketi naye chini siku saba bila kusema neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makuu mno (Ayubu 2:11–13). Hizo ndizo siku walizofanya vema. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 kuhusu msaada wa kwanza wa kisaikolojia unafundisha karibu hivyo: angalia, sikiliza, unganisha mtu na msaada anaouhitaji, wala usimlazimishe kusimulia yaliyompata. Anayefika na kumwambia baba aliyefiwa kwamba ni mapenzi ya Mungu, au kwamba ni hukumu kwa ajili ya dhambi za mji, ameanza pale Elifazi alipoanza, katika sura ya 4. Mwisho wa Elifazi unasomwa katika Ayubu 42:7.

IJUMAA
Jifunze Zaidi: Soma Kutoka 18:13–23 na Marko 6:30–32. Yethro alimwona Musa akiketi tangu asubuhi hata jioni, akamwambia kwamba atachoka yeye na watu pia. Yesu naye aliwaita wanafunzi waende kando wakapumzike, wakati ambapo watu walikuwa wengi hata hawakupata nafasi ya kula. Wanaojitolea wanaporudi nyumbani kutoka kwenye maafa, mara nyingi hawalali vizuri, hukasirika upesi, au hukosa hamu ya kusali. Wengine huona haya kusema, kwa kuwa waliopoteza nyumba si wao. Mchungaji wa mtaa na wazee wasingoje kuombwa. Waende kumtembelea katika juma la kwanza, na tena baada ya mwezi, wakati wengine wote wamekwisha sahau.

Maswali ya Kujadili:

1. Antiokia ilipeleka msaada kwa wazee wa Uyahudi, si kwa wageni. Kanisa lenu likitaka kusaidia mahali penye maafa, nani pale mahali mnayemwamini apokee? Mngemjuaje leo, kabla ya maafa?

2. Dada mmoja wa Dorkasi amekusanya magunia sita ya nguo kwa ajili ya waliokumbwa na mafuriko, na shirika limesema nguo hazihitajiki. Darasa lenu lingemwambia nini bila kuuvunja moyo wake? Magunia yale yangeweza kufanyiwa nini?

3. Kijana wa kanisa aliyejitolea anagundua kwamba msimamizi wake, ambaye pia ni mshiriki maarufu, anauza mchele wa waathirika. Amemwambia mzee wa kanisa, naye mzee amemjibu wasilitie kanisa aibu. Kijana afanye nini sasa? Someni tena 1 Samweli 2:22–25 na 3:11–13 kabla ya kujibu.

4. Soma Mathayo 6:1–4. Mashirika huhitaji picha ili wafadhili waone kazi inafanyika, na Paulo naye alitaka kazi yake ionekane njema mbele ya wanadamu. Picha ya mtoto mwenye njaa akipokea uji kutoka kwa mtu mwenye fulana ya kanisa inaanguka upande upi? Nani angepaswa kuulizwa kabla haijapigwa?

5. Hesabuni wenyewe: kama watu 300 wangelazimika kulala katika jengo la kanisa lenu usiku wa leo, kwa kipimo kilichotajwa Jumatatu wangehitaji maji kiasi gani kwa siku, na vyoo vingapi? Mnavyo vingapi?